Barua kwa Shangazi: Mama Mkwe, Matufaha na Kibarua cha Kulipia

Toleo lililopita nilimjibu msomaji aliyelalamika kwamba shamba la kuchuma mwenyewe limemlia pesa: alilipa kiingilio, akalipa mfuko, akarudi na matufaha ambayo dukani angeyapata kwa bei ya chini. Nilimjibu kwa mistari minne, nikidhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza mzinga. Barua zimekuja kutoka kila pembe, nami nimechagua tano.

Kwa asiyelijua jambo lenyewe: mkulima anafungua lango, wewe na wanao mnaingia, mnachuma tunda mtini kwa mikono yenu, mnapima, mnalipa, mnakwenda zenu. Mimi nimezaliwa Lushoto kwenye plamu na peasi, na sasa ninaishi huku Marekani, kusini mwa Ziwa Ontario ambako ukitoka mjini nusu saa tu umeshaingia kwenye miti ya matufaha. Kwa hiyo nina la kusema.

*

Shangazi, shikamoo. Mama mkwe wangu amekuja kutoka Pangani, atakaa nasi hadi Novemba. Watoto wamesikia shuleni habari za kwenda kuchuma matufaha na sasa hawanipi nafasi ya kupumua. Nilipomweleza mama, akaniuliza, “Yaani mnatoa pesa mkafanye kibarua?” Mume wangu akacheka mpaka akakohoa, lakini mimi naona safari imeshaingia nyongo. Nimpeleke, au nimwache nyumbani na televisheni? Twende lini, na tujiandaeje? — Mkamwana, Rochester

Marahaba, mwanangu. Mpeleke. Tena akae kiti cha mbele.

Mama mkwe wako hajakosea hata kidogo. Mnatoa pesa mkafanye kibarua, ndivyo ilivyo, na ukianza kumbishia kwamba ni nafuu atakushinda mbele ya wajukuu zake. Matufaha ya mifuko ya dukani wakati wa msimu mara nyingi yana bei nzuri kuliko hayo, na hapo bado hujahesabu mafuta ya gari, donati za moto za pale shambani, na boga ambalo mtoto wa mwisho atalikumbatia asiliachie. Mkulima naye ana hesabu yake: anaokoa ujira wa mchumaji, makasha na gari la sokoni, kisha anakuuzia wewe kwa bei ya rejareja. Na anakula hasara yake kimya kimya, kwa matufaha mnayoangusha na vijitawi mnavyovunja. Basi mwambie mama ukweli: tunakwenda kutembea, na tutarudi na tunda.

Kuna jambo atakaloliona kabla yako. Mistari michache kutoka pale walipofunguliwa wageni, huenda akakuta wachumaji wenyewe wako kazini, ndoo zimefungwa kifuani, mikono yote miwili inakwenda. Katika mashamba makubwa ya huku wengi wao ni Wajamaika na Wamexico wanaokuja kwa viza ya msimu ya H-2A. Wajamaika wamekuwa wakija kuvuna Marekani tangu mwaka 1943, wakati wa vita, vijana wa hapa walipokuwa jeshini. Wale wanalipwa kuchuma, nyinyi mnalipa kuchuma, na kati yenu ni mistari mitatu ya miti. Mama akiuliza, mweleze hivyo hivyo bila kupamba. Mama yangu mimi alipokuja alisimama akaitazama mikono yao kitambo, hakusema neno, kisha akaanza kuchuma kama wao. Siku ile mfuko wetu haukuwa na tunda lenye jeraha.

Na mikono ndiyo habari yenyewe. Tufaha halivutwi. Lishike kwa kiganja chote, si kwa ncha za vidole, maana ncha za vidole huacha alama ambayo kesho yake ni doa la kahawia. Liinue kuelekea tawini, ulizungushe kidogo. Lililoiva litaachia lenyewe na kikonyo chake. Likigoma, liache, siku yake bado. Ukilivuta kwenda chini, tawi zima linakuja, wenzake wawili wanadondoka, na kile kijitawi kifupi kilicholibeba kinakatika. Kijitawi hicho kimeshabeba chipukizi la maua ya mwakani. Nimeona baba mzima anang'oa tufaha moja kwa nguvu zake zote, na mti ukatikisika mpaka mwenye shamba akageuka.

Usidanganywe na wekundu. Aina nyingi hugeuka nyekundu kabla ya kuiva. Tazama ile rangi ya chini, pale kikonyo kinapoingia: ikitoka kwenye kijani cha majani ikaelekea umanjano, chuma. Anza na yaliyo nje ya mti, upande unaopigwa na jua, ndiyo hutangulia. Kuhusu ngazi, msihangaike. Mashamba ya siku hizi yamepandikizwa kwenye mashina mafupi, lililo maarufu ni M.9 kutoka kituo cha East Malling kule Kent, Uingereza. Miti imesimamishwa kwenye nyaya na matunda yanaanzia magotini. Mama ataona si miti bali ni maharage yaliyopandishwa kwenye fito, na atasema. Mwache aseme.

Lini? Msimu wa ukanda huu unakwenda hivi: stroberi Juni, cheri Julai, pichesi Agosti, na matufaha kuanzia mwisho wa Agosti hadi Oktoba yote. Matufaha ya aina ya McIntosh na Gala hutangulia, Septemba ikiwa bado changa. Honeycrisp, Cortland na Empire hufuata. Northern Spy na Fuji ni za Oktoba. Lakini kalenda ni ya karatasi, piga simu shambani asubuhi ya siku ya safari uulize ni mistari ipi imefunguliwa. Ziwa lenyewe hutusaidia: masika hukawia kupata joto, kwa hiyo miti huchelewa kuchanua na baridi ya usiku haiyaunguzi maua. Lakini halisaidii kila mwaka. Mwaka 2012 Machi ilikuja na joto lisilo la kawaida, maua yakaamka mapema, Aprili ikayaunguza, na jimbo la New York likapoteza karibu nusu ya matufaha yake. Mwaka wa namna hiyo unafika langoni na watoto wamevaa mabuti, unakuta kamba imefunga njia.

Jumamosi za Oktoba kimbia. Magari ni foleni, kwenye donati ni foleni, chooni ni foleni. Nenda siku ya kazi, watoto wakitoka shule, au Jumapili asubuhi mapema.

Sasa mama. Nikikuambia umbebee kiti cha kukunja utaona namzeesha, lakini mbebee. Beba na chupa mbili za maji ya kutumia chooni, kwa sababu vyoo vya shambani ni vile vya plastiki vya kuhamishika, karatasi ipo, maji hayapo. Hili hakuna kipeperushi kitakachokuambia. Mkeka wa kusalia ukae kwenye buti la gari. Kivuli kipo tele, na sijapata kumwona mwenye shamba aliyekataza mtu kuswali pembeni ya njia. Suruali ndefu na soksi kwa kila mtu, mama avae ndani ya dera, kwa ajili ya kupe. Kupe wa huku wa miguu myeusi hueneza ugonjwa wa Lyme, na wale wakubwa hupenda sana majira haya ya majani kupukutika. Mkirudi, kabla ya kuoga, wakague watoto kwapani, nyuma ya magoti na kwenye nywele. Nyigu nao wapo, wanafuata matunda yaliyochachuka chini. Hawana ugomvi na mtu asiyewapungia mikono.

Na hapo kwenye matunda ya chini ndipo mtakapogombana. Kwa mtu wa Pangani, embe lililoanguka usiku ndilo tamu kuliko yote, na anayeliwahi alfajiri ndiye mjanja. Mama atainama aokote. Mzuie kwa adabu. Usiku kulungu hupita chini ya miti hiyo na kuacha kinyesi, na tunda lililolala hapo linaweza kubeba vijidudu vya E. coli. Si uchoyo wa mwenye shamba: kanuni za shirikisho za usalama wa mazao za mwaka 2015 zinakataza tunda lililoanguka lisiuzwe kuliwa bichi. Mwambie, “Mama, hili ni la kulungu.” Ataelewa.

La mwisho, na hili ndilo litakalookoa safari yako: mpe mama ukaguzi. Watoto wachume, wamletee yeye kitini, aseme lipi liingie mfukoni na lipi liwe la kuliwa njiani. Anajua tunda tangu wewe hujazaliwa, hata kama hilo la Marekani hakulea. Akishakataa la kwanza kwa sababu lina tundu la mdudu, kibarua kitakuwa kimesahaulika.

*

Shangazi, asalaam aleykum. Tulikwenda shambani na familia, watoto wakapewa vikombe vya saida. Mke wangu akavipokonya, akasema saida ni pombe. Mimi nikasema haiwezekani wawape watoto pombe hadharani. Tumerudi nyumbani hatusemezani vizuri. Nani kati yetu yuko sahihi? Na zile donati zao je? — Mzazi, Columbus

Waaleykum salaam, kaka. Wote wawili, ila mke wako alisoma ramani ya nchi nyingine.

Uingereza, ukiagiza saida umeagiza pombe, hakuna la kuuliza. Marekani, saida inayouzwa shambani kwenye magaloni ni maji ya tufaha yaliyokamuliwa tu, rangi ya udongo kwa sababu hayajachujwa, na hayajachachushwa. Ya pombe huandikwa “Hard” kwenye chupa, na huuzwa kwa kitambulisho. Mashamba mengi siku hizi yana zote mbili, wakati mwingine kwenye banda moja, mabomba mawili yakipakana. Kwa hiyo mama watoto hakukosea kushtuka. Msomage kibao pamoja kabla ya kupokea kikombe.

Sasa nikuongezee usiloniuliza. Kuna saida iliyopashwa moto au kupitishwa kwenye mwanga wa kuua vijidudu, na kuna ile mbichi kabisa. Ile mbichi ikifungashwa ni lazima ibandikwe onyo kwamba inaweza kuwa na vijidudu vinavyodhuru. Watoto wadogo, wajawazito na wazee wasipewe hiyo hata kama muuzaji anasema babu yake aliinywa hadi miaka tisini. Pia saida haina subira. Ukisahau galoni nyuma ya friji, baada ya wiki kadhaa itaanza kuchachuka yenyewe, kifuniko kinavimba, ukifungua inafanya “fyuuu” na ukionja inachoma ulimi. Hapo imeshaanza safari ya kwenda kwenye ile nyingine. Hukumu yake muulize shehe wako, mimi ni mwandishi wa barua. Lakini mkiinunua, nunueni galoni moja na muimalize ingali tamu.

Donati hukandwa kwa saida hiyo hiyo tamu. La kuuliza ni mafuta. Wengi hukaanga kwa mafuta ya mimea, wachache bado wanapenda mafuta ya nguruwe kwa ajili ya ladha. Uliza dirishani, ni swali la kawaida, hawashangai.

Na muombe radhi mke wako. Alikuwa analinda watoto.

*

Shangazi, niko Leicester. Tunakwenda kuchuma stroberi kila Juni. Mwaka huu mwanangu wa miaka minne alikula stroberi nyingi kuliko alizoweka kwenye kikapu, na mwanamke wa mizani akamtazama mdomo mwekundu kisha akanitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke. Je, ni wizi? — Mama Mdomo Mwekundu

Mdogo wangu, umenichekesha peke yangu jikoni.

Kuonja moja kujua utamu, mashamba mengi hukubali. Kushiba, hapana, maana pale unalipa kwa kilo na tumbo haliwekwi kwenye mizani. Ndiyo sababu mashamba mengi ya Uingereza sasa huuza tiketi za saa maalumu, desturi iliyokolea tangu korona mwaka 2020: sehemu ya kiingilio huwa ni ya kufidia midomo ya akina mwanao. Kama shamba lenu halitozi kiingilio, wewe mwenyewe toa. Ukifika mizani sema, “Ongeza nusu kilo, huyu keshakula.” Nimewahi kumsikia bibi mmoja akisema hivyo kwa sauti ya juu, na foleni nzima ikacheka, mwanamke wa mizani akakataa kuongeza hata senti. Lakini heshima ilikuwa imeshalipwa.

Mlishe kabla hamjaingia. Mtoto aliyeshiba ugali huchuma, mwenye njaa hula.

Na mfundishe kuchagua. Stroberi ikishachumwa haiendelei kuwa tamu, si ndizi hiyo uifungie kabatini. Kwa hiyo ile yenye mabega meupe chini ya kofia yake ya majani iachwe. Akate kikonyo kwa kucha za kidole gumba na cha shahada, tunda likae na kofia yake. Ukiling'oa bila kofia, jioni limeshatoa maji. Kama mgongo unakuuma, tafuta shamba lililoinua stroberi kwenye meza. Kusini na kaskazini mwa Uingereza yapo mengi sasa, unachuma umesimama wima, na mtoto wa miaka minne hazifikii vizuri. Hilo nalo ni suluhisho.

*

Shangazi, nyinyi wa majuu mnatutesa. Sisi tulio Nairobi tupeleke wapi watoto? Wangu wanaamini stroberi inatoka kwenye friji ya supamaketi. — Baba Mapacha, Kasarani

Baba Mapacha, majuu yako hapo hapo ulipo. Panda Limuru. Nyanda zile zina baridi ambayo stroberi inaipenda, na kwa sababu hakuna theluji ya kuzilaza, mkulima mwenye maji ya kumwagilia huchuma karibu mwaka mzima. Si kila shamba linapokea wageni, na yanayopokea hayafanani, kwa hiyo tangulia kwa simu na uulize mambo mawili tu: watoto wanaruhusiwa kuchuma wenyewe, na mara ya mwisho mmepiga dawa lini? Kila dawa ya shambani imeandikiwa siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mkulima makini atakujibu bila kusita, hata tarehe atakupa. Akianza kuzunguka, “Aah, hiyo haina shida,” peleka mapacha wako kwingine. Na wasile kabla ya kuosha. Bebeni dumu la maji.

Ukipata likizo ya Desemba, vuka Namanga ushuke hadi Mombo, upande Lushoto kwetu. Plamu, peasi na pichesi huiva kuanzia hapo hadi Februari hivi. Hutakuta lango wala mizani wala tiketi. Utakuta mzee ana miti kumi nyuma ya nyumba. Shuka kwenye gari, salimia, shikamoo iende mahali pake, ulizia habari za nyumbani, ndipo useme watoto wangependa kuchuma. Atakupangia bei ya ndoo, na watoto wake watapanda mtini pamoja na wako. Usiombe kupunguziwa kwa kuwa mmechuma wenyewe. Kule hakuna anayeelewa kwa nini mgeni afanye kazi, na wanaweza kudhani umekosa adabu ya kukaa ukaletewa.

Wa pwani mna Unguja. Ile ziara ya viungo ya Kizimbani na Kidichi ni ndugu wa jambo hili, ingawa hamchumi kwa wingi. Kijana anawakatia gome la mdalasini mnuse, anawachimbulia manjano, anapasua kungumanga muone ile basibasi nyekundu iliyoikumbatia, na mwishoni mmoja anapanda mnazi huku anaimba. Mtoto akishavunja kikonyo cha karafuu mbichi kwa mkono wake, pilau ya nyumbani hataila tena kwa macho yale yale. Muwe na pesa ndogo ndogo mfukoni kwa ajili ya yule wa mnazini na yule anayesuka kofia za makuti. Watoto watazitaka zote.

*

Shangazi, tulikwenda vijana watano, tukanunua busheli nzima kwa sababu kwa hesabu ya kilo ilikuwa rahisi. Sasa matufaha yamejaa chini ya kitanda na chumba kinanuka. Nifanyeje? — Mwanafunzi, Syracuse

Chini ya kitanda! Mwanangu, busheli ya matufaha ni ratili 42, kilo 19. Hicho ni kipimo cha mama mwenye nyumba na jiko la kutengenezea jemu. Vijana watano chukueni peki moja, ratili kumi hivi, kama matufaha thelathini.

Leo hii yatoe. Yapange mezani, yachague moja moja. Lenye jeraha, lililolainika au lenye tundu likae upande wa kuliwa wiki hii. Lililo zima liingie friji bila kuoshwa, kwenye mfuko wenye matundu, mahali pa baridi kuliko pote ila lisigande. Kwenye joto la chumbani tufaha hulainika upesi mara nyingi zaidi kuliko kwenye baridi. Kuna hewa ambayo tufaha huitoa likiwa linaiva, etilini, na hewa hiyo huyaharakisha ya jirani, na hiyo ndiyo sababu moja bovu likiachwa linaondoka na wenzake. Usiyaweke pamoja na karoti, zitakuwa chungu. Lakini ukiwa na parachichi gumu la dukani lile lisiloiva milele, lifungie kwenye mfuko wa karatasi na tufaha moja, litakushukuru.

Ungeniuliza kabla, ningekuambia uchukue aina mbili. Honeycrisp, ile iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1991, ni ya kutafuna tu, inapasuka mdomoni na maji yanatiririka hadi kidevuni, na bei yake unaijua. Kwa kachumbari au saladi ya matunda, Cortland: ilitolewa hapo Geneva, mwendo wa saa moja kutoka kwako, mwaka 1915, na nyama yake hukawia kugeuka kahawia ukishaikata. Kwa kupika na kwa kuhifadhi, Northern Spy, kongwe wa mkoa huu, mkali na mgumu, hustahimili friji hadi karibu na mwaka mpya na kuendelea. Na usifikirie kuyabeba mabichi kwenda nayo nyumbani Desemba. Kuvusha tunda bichi uwanja wa ndege bila cheti cha afya ya mimea ni kutafuta maneno na maofisa.

Yale makali yaliyobaki, tengeneza achari. Mama yangu alikataa kukubali kwamba tufaha linaweza kukaa pamoja na wali mpaka nilipomtengenezea hii.

Kilo moja ya matufaha makali, yaoshe, usimenye. Kata vipande vya ukubwa wa kidole cha mtoto, toa moyo na mbegu, nyunyizia ndimu mbili haraka yasibadilike rangi. Tia vijiko viwili vikubwa vya chumvi na kijiko kidogo cha manjano, changanya kwa mkono, funika, acha usiku kucha. Asubuhi yatakuwa yameogelea kwenye maji yake. Yachuje. Nyumbani tungeyaanika, lakini jua la Syracuse mwezi wa kumi si la kutegemea, kwa hiyo yatandaze kwenye trei, washa ovena moto wa chini kabisa, mlango uache wazi kidogo, mpaka juu yakauke na ukibonyeza yawe yanarudi.

Chemsha kikombe cha siki na kijiko kikubwa cha sukari. Pembeni, pasha nusu kikombe cha mafuta, tia rai, yaani mbegu za haradali, zikianza kurukaruka punguza moto, tia kitunguu saumu na tangawizi zilizopondwa, pilipili ya unga kadiri ya ujasiri wako, na mbegu chache za uwatu. Usiache uwatu uungue, utakuwa mchungu na hakuna sukari itakayouokoa. Mimina siki, tia matufaha, geuza mara mbili tatu, epua. Hayatakiwi kuiva, yabaki yanapasuka kidogo chini ya jino.

Yakipoa, yatie kwenye chupa za kioo ulizozichemsha zikakauka kabisa. Kijiko kiwe kikavu kila unapochota. Weka friji, ngoja siku tatu ndipo uonje, na uile ndani ya mwezi mmoja. Wenzako wanne wakikuta chupa, usiwaambie imetoka chini ya kitanda.